Asilimia 80 ya Nini?

Tarehe 29 Machi 2023, jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti kuhusu DNA ya watu waliozikwa zamani katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Ramadhani. Kufikia Ijumaa, hapa Mji wa Kale, stori ilikuwa imeshaiva midomoni: ati sayansi imethibitisha kuwa Waswahili ni Waajemi. Kuna waliosema hivyo kwa fahari, kifua mbele. Kuna waliosema kwa kebehi: si mumekubali wenyewe, basi rudini kwenu. Makundi haya mawili hayapatani kwa lolote, lakini siku ile yalikubaliana juu ya jambo moja, na jambo lenyewe halikuwemo kwenye utafiti.

Siwalaumu watu wa baraza. Baraza halina mhariri, na kahawa tungu haijawahi kudai ushahidi. Ninaowalaumu ni wale wanaolipwa kusoma kwa niaba yetu: waandishi wa habari na wahariri, wa hapa na wa ng'ambo, waliopewa kurasa kadhaa za kazi ya miaka mingi wakatoa humo mstari mmoja, tena mstari mbovu.

Niseme mapema ili nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na utafiti wenyewe. Ni kazi nzito, iliyofanywa na kundi kubwa la wataalamu, akiwemo mwanaakiolojia wetu Mkenya, Profesa Chapurukha Kusimba, ambaye amechimba Mtwapa kwa miaka mingi, na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard. Wala sina shida na kuwa na babu wa Kiajemi. Kama yupo, na aje, tutamwekea mkeka. Shida yangu ni hesabu, ni vitenzi, na ni watu waliofutwa kwenye stori yao wenyewe.

Tuanze na hesabu. Muhtasari wa utafiti, ambao mtu yeyote mwenye bando la shilingi ishirini anaweza kuusoma, unasema mambo kwa mpangilio huu. Kwanza, zaidi ya nusu ya DNA ya wengi katika wale watu wa miji ya pwani inatoka Afrika, na kwa sehemu kubwa kupitia kwa wanawake. Pili, sehemu kubwa ya iliyobaki, na mara mojamoja hata zaidi ya nusu, inatoka Asia. Tatu, katika ile sehemu ya Asia, asilimia 80 hadi 90 inatokana na wanaume wa Uajemi, na pia kuna mchango wa Bara Hindi.

Soma tena hiyo ya tatu. Asilimia 80 hadi 90 ya nini? Ya sehemu ya Asia, si ya mtu mzima. Mtu ambaye nusu ya asili yake ni ya Asia atakuwa na Uajemi wa kama 40 au 45 katika kila 100. Mwenye theluthi moja ya Asia hazidi 30. Hii si hesabu ya chuo kikuu. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, na hesabu hii nilifundishwa darasa la sita, tulipogawanya chungwa kisha tukagawanya tena kile kipande. Lakini namba ikitoka kwenye jarida ikaingia kwenye simu, chungwa zima hupotea, hubaki "80". Na "80" bila "ya nini" ni uongo, hata kama kila tarakimu ni sahihi.

Tuje kwenye vitenzi. Watafiti waliandika kwamba matokeo yao yanaafikiana na masimulizi ya Tarekhe ya Kilwa, ile inayosimulia masultani waliotoka Shiraz. Yanaafikiana. Habari zilipofika kwetu, neno lilikuwa "imethibitisha". Wanaodhani hayo ni maneno mawili ya maana moja na wafikirie hivi: jirani yako amepotelewa na kuku, na wewe umeonekana jioni ukibeba mfuko. Mfuko wako unaafikiana na wizi wa kuku. Je, umethibitisha? Ungekubali uitwe mwizi kwa kitenzi hicho? DNA inaweza kusema kwamba wanaume waliofanana kijenetiki na watu wa Uajemi walizaa na wanawake wa hapa. Haiwezi kusema kama mmoja wao alikuwa mtoto wa mfalme, au nahodha, au mchuuzi wa vyungu aliyekosa upepo wa kurudi.

Tena neno lenyewe "Uajemi" kwenye jedwali la jenetiki si muhuri wa pasipoti. Mtaalamu huchukua DNA ya mifupa, huilinganisha na DNA za watu wanaojulikana walikotoka, kisha husema inafanana zaidi na za wapi. Ni kazi ya kulinganisha. Ni jibu zuri kwa swali la kulinganisha. Ukilichukua jibu hilo ukaligeuza kuwa kabila, umetoka kwenye sayansi umeingia kwenye siasa, na hukumwambia msomaji kwamba mumeshavuka.

Halafu kuna swali ambalo habari nyingi hazikuuliza kabisa: ni nani aliyepimwa? Mifupa ya pwani ilitoka miji sita: Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Mji wa saba, Makwasinyi, uko bara, huko Taita-Taveta. Jumla ni watu 80, na wale wa pwani waliishi kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Hakuna hata kaburi moja la Kisiwa cha Mombasa. Tulio karibu nao zaidi ni Mtwapa, na hapo tuna udugu, kwa sababu Wamtwapa ni mojawapo ya Tisa Taifa katika Thenashara Taifa za Mombasa. Lakini udugu si sampuli. Habari ikiandika "Waswahili" kana kwamba tumesimama foleni sote kuanzia Barawa hadi Sofala tukapimwa mmojammoja, imeongeza watu wengi sana kwenye makaburi machache sana.

Na makaburi yenyewe si ya kila mtu. Mengi ni ya wenye nafasi zao, waliojengewa kwa mawe karibu na msikiti. Mvuvi wa Mtwapa, mkulima wa mtama nyuma ya mji, mjakazi, mchanja kuni, fundi wa chokaa aliyechoma matumbawe ili hayo makaburi yajengwe, hawa wote walizikwa kwa njia ambazo hazikungoja wanaakiolojia. Siku tutakapowapata, pengine asilimia zitabadilika. Wanasayansi wanalijua hilo. Msomaji wa kawaida hakuambiwa.

Sasa wanawake. Hapa ndipo damu yangu huchemka. Utafiti unasema wazi kwamba zaidi ya nusu ya asili ya wengi katika watu hawa ilikuja kwa akina mama wa Kiafrika. Ikiwa kuna habari kubwa ndani ya jarida lile, basi ni hiyo. Mwana wa mgeni alizaliwa kwenye nyumba ya mama yake, akaimbiwa kwa lugha ya mama yake, na akakua akisema lugha hiyo. Ndiyo maana leo hatusemi Kifarsi. Tunasema Kiswahili, lugha ya Kibantu, ndugu wa tumbo moja na Kimijikenda, Kipokomo na Kingazija. Kutoka Uajemi tumepata maneno kama bandari, nahodha na pamba. Ni maneno mazuri, ya bahari na biashara. Lakini mama, maji, moto, jicho, mkono, kula, kulala, kufa, haya hayakuja na jahazi.

DNA peke yake haiwezi kutuambia kama wanawake wale waliolewa kwa mahari na ngoma, au kama wengine hawakuulizwa. Hilo linataka elimu ya mambo ya kale, lugha na masimulizi vikae pamoja. Lakini gazeti likiandika stori ya wanaume waliokuja, halafu likawaacha wanawake waliokuwepo kwenye aya ya kumi, au lisiwataje kabisa, si sayansi iliyowafuta. Ni mhariri.

Na kuna suala la wakati. Utafiti unasema mchanganyiko huo ulianza kama mwaka 1000, wakati ambapo Uislamu ulikuwa ukienea sana pwani. Sasa tazama Shanga, kisiwani Pate. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba pale miaka ya 1980 akakuta misikiti juu ya misikiti, na wa chini kabisa ulikuwa mdogo, wa miti, ambao yeye anauweka karne ya 8. Watu walikuwa wakiishi pale, wakifinyanga vyungu vya mtindo wa kienyeji, wakinunua vitu vya ng'ambo, wakisali, kwa zaidi ya miaka 200 kabla ya ule mchanganyiko ambao DNA inauonyesha. Mji ulikuwepo. Aliyekuja alikuta watu.

Hata hiyo Tarekhe ya Kilwa, ambayo wapenda Ushirazi huinyanyua kama hati ya shamba, inasema hivyo hivyo. Iliandikwa karne ya 16, na Mreno João de Barros akaingiza masimulizi yake kwenye kitabu alichochapisha mwaka 1552. Ndani yake, Ali bin al-Hassan hakuikuta Kilwa tupu. Aliinunua kwa nguo kutoka kwa mtawala aliyemkuta. Watu wengi huisimulia hadithi hiyo kumsifu mnunuzi. Mimi namuuliza mwenye akili: kitu hununuliwa kutoka kwa nani, kama si mwenyewe?

Miaka kumi kabla ya stori ya DNA, mwaka 2013, kulikuwa na stori ya sarafu. Kusimba na mwenzake Sloan Williams walichimba Manda wakapata sarafu ya Kichina ya Yongle Tongbao, iliyotengenezwa kati ya 1403 na 1425, zama za mfalme aliyemtuma Zheng He baharini. Haraka sana watu wakaanza kuandika kana kwamba Zheng He mwenyewe ameshuka Manda, akaivusha mkono sarafu akaondoka. Lakini sarafu ni kitu cha kutembea. Shilingi kumi yangu ya leo inaweza kuwa Busia kesho bila mimi kuvuka Nyali. Sarafu moja inatuambia kwamba Manda ilikuwa ndani ya mtandao mkubwa wa biashara ya Bahari ya Hindi. Hilo peke yake ni jambo kubwa. Mbona halikutosha? Kwa nini kila kinachochimbuliwa pwani hii lazima kiwe ni ushahidi wa aliyekuja, na kamwe kisiwe ushahidi wa aliyekuwa akimngoja ufukweni na bei mkononi?

Nitawaambia kwa nini. Kwa sababu stori ya mgeni imeshaandikwa zamani, na mwandishi mvivu huona rahisi kujaza jina kwenye nafasi iliyo wazi. Wakoloni waliyatazama magofu ya mawe wakasema hii ni kazi ya Waarabu na Waajemi, Mwafrika hajengi hivi. Halafu wakaigeuza dhana hiyo kuwa sheria: huyu "mwenyeji", yule "si mwenyeji", na kila neno likawa na bei yake ya kodi na kiti chake barazani. Watu wa Mombasa wakagombania waandikwe vipi, kwa sababu daftari la serikali lilikuwa likigawa haki. Wajukuu wao wangali wanalipa.

Mtu wa Nairobi akisoma "Waswahili ni Waajemi" anapata kitu cha kuzungumzia akiwa kwenye foleni ya magari. Kijana wa Kibokoni au Kuze aliyekwenda kutafuta kitambulisho wakati ule, aliweza kuulizwa cheti cha baba, kisha cha babu, kisha aitwe mbele ya wazee wamkague kama ni Mkenya kweli, kwa sababu ya jina lake na rangi yake. Kwake kichwa cha habari hakikuwa burudani. Kilikuwa kitu ambacho afisa mmoja mwenye kiburi angeweza kuwa amekisoma asubuhi ile.

Na hatari haiko upande mmoja. Pwani hii ina jeraha la ardhi ambalo halijapona. Neno "mgeni" hapa halisemwi kwa mchezo. Agosti 1997, Likoni, tuliona neno hilo likishikishwa panga. Waliolengwa wakati ule walikuwa watu wa bara, lakini neno halina uaminifu. Leo linamkata huyu, kesho linamgeukia yule. Sasa mwambie mtu asiye na hati ya shamba kwamba "sayansi imethibitisha" jirani yake alitoka ng'ambo. Halafu mwambie yule jirani, mwenye jina refu na shamba dogo, kwamba "sayansi imethibitisha" yeye ni bora kuliko Mgiriama wa nyuma ya nyumba yake. Umewauzia wote wawili sumu kwenye kikombe kimoja, na ukaandika juu yake Nature.

Hawa wa pili nao siwaachi. Kuna watu hapa Mji wa Kale walioifurahia stori kwa sababu imewapandisha daraja. Walichapisha nasaba, wakatafuta Shiraz kwenye ramani, wakasambaza kila kitu isipokuwa ile sentensi ya wanawake. Jamani, muhtasari uleule unaowapa babu wa Kiajemi unawapa pia bibi wa Kiafrika, tena kwa wengi bibi ndiye mwenye fungu kubwa. Huwezi kupokea urithi wa upande mmoja ukakataa jina la upande wa pili. Na tena utafiti unaeleza kwamba baada ya mwaka 1500 hivi asili iliyokuwa ikiingia ilizidi kuwa ya Uarabuni, na kwamba maingiliano ya baadaye na watu wa Asia na Afrika yamewabadilisha zaidi watu wa pwani wa leo, hivi kwamba hawalingani moja kwa moja na wale waliozikwa. Kwa hiyo hata kaburi la Mtwapa si kioo chako. Ni la mtu aliyeishi maisha yake.

Wanasayansi nao wasijifiche nyuma ya waandishi. Anayeandika muhtasari anajua kwamba huo ndio utakaosomwa, na pengine huo peke yake. Ukiweka "asilimia 80 hadi 90" na "wanaume wa Uajemi" kwenye sentensi moja, unajua ni nini kitakachokatwa na ni nini kitakachobaki. Mtaalamu anayechukua mifupa kutoka kwenye makaburi ya watu ana deni kwa wanaoishi karibu na makaburi hayo: aje akae nao, aseme kwa lugha yao alichokipata na asichokipata, kabla taarifa haijafika London na Boston na kurudi kwetu imevaa nguo nyingine.

Najua utetezi wa wahariri. Watasema msomaji hana muda, kichwa cha habari lazima kiwe kifupi, na "inaafikiana na" haiuzi. Huo ni uvivu unaojiita biashara. Jaribu hiki: "Baba wa Kiajemi, mama wa Kiafrika, na mji ulikuwepo kabla yao." Ni kifupi. Ni kitamu. Ni kweli kwa kadiri ya ushahidi tulionao. Na kingeuza, wallahi, kwa sababu hakuna mtu hapa asiyependa stori ya ndoa.

Wala sitaki mwandishi wa habari awe mtaalamu wa jenetiki. Nataka aulize maswali manne ambayo mama yeyote sokoni Marikiti huuliza kabla hajafungua pochi. Vingapi? Kutoka wapi? Nani aliyechagua? Na hii bei ni ya kilo nzima au ya robo? Akija na majibu ya hayo manne, ayaweke kwenye aya mbili za kwanza, si mwisho kabisa ambako hakuna anayefika. Kisha atafute angalau mtu mmoja anayeishi kwenye mji unaozungumziwa, amuulize stori hiyo itamfikia vipi. Si ili ampambe kwenye picha na mlango wa nakshi nyuma yake. Ili amsikilize.

Na sisi tunaosoma, tuache kusambaza asilimia zisizo na mwenyewe. Ukiletewa "80", mzuie aliyekuletea, muulize: ya nini? Akishindwa kujibu, hiyo habari haijafika bado. Iko njiani, na usiipe lifti.